Kupaka dawa motomoto: shajara ya mteremko wetu, Mtambwe, Pemba

12 Machi

Tumekaa watu tisa chini ya mwembe, tumekubaliana tuanze kupambana na motomoto. Naandika mimi kwa kuwa ndimi katibu wa kikundi, na kwa kuwa mteremko wenyewe ni wa kwetu: kipande cha shamba la eka tatu alilopewa babu baada ya Mapinduzi ya 1964. Juu imebaki mikarafuu mikongwe. Katikati kuna miche ya mikarafuu ya mwaka wa tatu, tumeichanganya na migomba na viazi vitamu. Chini, kabla hujaingia bonde la mpunga, ni malisho ya ng'ombe wa ami. Na kote huko, juu hadi chini, imetamalaki motomoto.

Kwa asiyeijua: ni jani jembamba lililosimama wima kama upanga, likiachwa linafika kifuani. Lichume ulitazame juani, utaona uti wake mweupe haupiti katikati. Umeegemea upande mmoja, nusu moja ya jani pana, nusu nyembamba. Ukingo wake unakata vidole. Ng'ombe huila ikiwa changa tu, ikikomaa huipita. Ukiitia moto inarudi upesi, na mara nyingi ndipo inapotoa yale maua yake meupe kama pamba, mbegu zikachukuliwa na upepo hadi kwa jirani.

Ubaya wenyewe uko chini ya ardhi. Mizizi yake ni myeupe, ina vifundo kama muwa mdogo, na ncha yake ni kali kama sindano. Mwaka juzi tulichimba muhogo hapa tukaukuta umetobolewa, mzizi wa motomoto umeingia ubavu huu ukatokea ubavu wa pili. Mama aliukata muhogo ule vipande viwili akatuonyesha tundu, kisha akautupa, maana pembeni mwa tundu ulikuwa umeanza kuoza.

Jembe tumelitumia tangu enzi za babu. Jembe linaukata mzizi vipande kumi, na kila kipande chenye kifundo kinachipua. Juu ya hayo, huu ni mteremko: ukishatifua, masika inakuja na kuuchukua udongo wote mpaka kwenye mfereji wa bonde. Wenye mpunga wanalalamika kila mwaka, na wana haki.

Bomba la mgongoni nalo tumelijaribu. Miaka miwili nyuma tulimkodi mtu aje apulizie. Upepo wa kusi ulikuwa unavuma, hakujali, nasi hatukumsimamisha. Baada ya wiki mbili miche 14 ya mikarafuu ilikuwa imejikunja majani, na mgomba wa jirani ulioko mpakani ulitoa jani jembamba la njano. Miche ile ilikufa yote. Siku ile nilijiambia kwamba dawa nikiishika tena, itagusa kile tu ninachotaka kiguswe.

19 Machi

Nimeeleza kikundi wazo lenyewe, na hapa naliweka kwa ufupi. Badala ya kurusha dawa hewani, unaibeba ndani ya bomba lililozibwa pande zote, lina kamba zinazotoka nje zikiwa zimelowa. Unalipitisha juu ya konde kwa kimo kimoja. Kilicho kirefu kinajipangusa kwenye kamba, kilicho kifupi kinapita chini hakiguswi. Dawa inayofaa ni ile inayoingia kwenye jani ikateremka hadi mizizini, nayo ni glaifoseti. Dawa inayounguza majani tu haitusaidii, kwa sababu mzizi utabaki mzima.

Kifaa cha kamba kilibuniwa kusini mwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa ajili ya majani marefu yaliyopita juu ya pamba na soya. Uingereza na Ireland wanavuta vipanguzi vipana nyuma ya pikipiki za magurudumu manne kwenye malisho ya milimani, wanaua matete yaliyozidi nyasi za kondoo. Huko wanahimizwa kupangusa badala ya kupulizia kwa ajili ya maji ya kunywa, kwani dawa iliyokuwa ikipuliziwa matete ilikuwa inaonekana kwenye mito. Jambo hili la maji ndilo lililonivuta zaidi. Chini ya mteremko wetu kuna chemchemi, na watu wanachota.

Ami alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Kwa hiyo unataka niiache motomoto irefuke?"

Ndiyo, ami. Hapo ndipo kazi ilipo. Kimo ndicho kinachotenganisha kinachokufa na kinachobaki, kwa hiyo lazima tukitengeneze kimo hicho wenyewe.

2 Aprili

Siku nzima kwa fundi wa mabomba, Wete. Tumenunua bomba la plastiki la maji la inchi moja na nusu, tumekata sentimita 90. Mifuniko miwili, mmoja wa gundi, mwingine wa kuzungusha ili tujazie. Fundi ametoboa matundu kwa keekee upande mmoja wa bomba, mawili mawili, baina ya tundu na tundu shubiri moja. Kila kipande cha kamba kinaingia tundu hili kwa ncha moja na tundu la pili kwa ncha nyingine, katikati yake inalala nje ya bomba. Ncha za ndani zinakunywa dawa, sehemu ya nje ndiyo inayopangusa. Kuzuia kuvuja tumekata vipete kutoka kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, tundu la kipete dogo kuliko kamba, ikabana vizuri. Mpini ni bomba jingine la kawaida, urefu wa kuniwezesha kusimama wima.

Suala la kamba lilichukua siku tatu za majaribio nyumbani. Mama anasokota kamba za usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, na mimi nilitaka tutumie kamba yake. Tulitia maji yenye rangi ya buluu kwenye gilasi nne, tukatumbukiza ncha ya kila kamba, nyingine ikaning'inia nje. Asubuhi ya pili kamba ya usumba ilikuwa kavu, rangi haijapanda hata urefu wa ukucha. Mama akacheka akasema, "Mwanangu, usumba kazi yake kukataa maji. Ingekuwa inakunywa, ngalawa zingefungwa na nini?" Kamba ya pamba ilipandisha haraka lakini ikawa inadondosha, meza yote buluu. Iliyofaulu ni ya nailoni iliyosukwa, nene kiasi cha kidole cha mwisho: ilipandisha taratibu, ikawa inalowa bila kutona.

Kutona ndiko adui. Tone moja la dawa hii kali likiangukia kiazi, kiazi hicho kimekwenda.

Kuhusu rangi ya kutia kwenye dawa ili tuone ilipogusa: mwanzo mmoja wetu alileta nyekundu ile ya kutilia ubuyu. Tumeikataa. Mtoto akiona maji mekundu kwenye chombo atadhani juisi. Tutatumia buluu.

Mei, masika

Mvua. Hakuna la kufanya kondeni isipokuwa kusubiri, na kusubiri huku kumekuwa kugumu kuliko nilivyofikiri. Sisi tumelelewa hivi: jani likionekana, jembe. Kila anayepita njiani anauliza kama tumehama. Shangazi alisimama juu ya tuta la viazi mikono kiunoni akasema, "Shamba la marehemu baba limekuwa pori, na nyinyi mnaandika daftari." Nilimwonyesha viazi chini ya motomoto: vinatambaa, vimefunika ardhi, urefu wake haujafika goti. Motomoto imeshafika kiunoni. Tofauti hiyo ndiyo tunayoilea.

Kwenye malisho tumefanya kinyume. Tumemwomba ami awafunge ng'ombe wake palepale, waichune ile ukoka mpaka iwe kama zulia. Motomoto iliyokomaa wanaiacha. Baada ya wiki tatu ilikuwa imesimama peke yake juu ya zulia, kila shina unaliona.

9 Juni

Jaribio la kwanza kwa maji ya buluu, bila dawa. Nimefurahi hatukuanza na dawa.

Tulijaza bomba, mwenzangu akalishika, akatembea kwa kukata mteremko, yaani ubavuni mwa kilima, kama tunavyotembea tukilima matuta. Hatua kumi tu, kamba za upande wa bondeni zikaanza kutiririka, na za upande wa juu zikakauka. Maji yote yamekimbilia mwisho wa bomba ulio chini. Kwenye tambarare usingeliona hili kamwe.

Tumekaa tukatazama bomba. Mambo mawili yametoka hapo. La kwanza, njia ya kutembea: bomba lilale sawa na usawa wa kilima, kama tuta linavyolala, na mtu apande au ateremke. Kwa namna hiyo ncha zote mbili ziko kimo kimoja. La pili, kilima hakinyooki kama rula, kwa hiyo hata ukishika vizuri bomba litainama mara kwa mara. Fundi amelikata katikati, ametia kizibo cha mti wa mnazi kilichopakwa gundi, kisha kaliunga tena. Sasa ni vyumba viwili, kila kimoja na tundu lake la kujazia. Likiinama, dawa inasogea nusu ya bomba tu. Nimependa ufumbuzi huu kuliko kitu chochote kingine katika kazi hii, kwa kuwa umetoka kwenye ardhi yetu yenyewe.

Tundu la hewa: kila chumba kinahitaji moja, dogo la ncha ya sindano. Bila hilo kamba zinakauka baada ya dakika chache. Likiwa kubwa, zinatona.

13 Juni

Ununuzi wa dawa. Duka la kwanza nililoingia nilipewa chupa ya maji ya kunywa iliyojazwa kitu cha njano, nikaambiwa "ni ileile, bei nafuu." Sikununua. Dawa iliyomiminwa kwenye chupa nyingine huwezi kujua ni nini. Kuna dawa za majani ambazo mtu akimeza funda moja hazina tiba, na chupa ya maji ndiyo kitu cha kwanza mtu mwenye kiu anachokishika. Nimekwenda hadi Chake, nimepata kopo lenye lebo nzima: glaifoseti gramu 360 kwa lita, tarehe ya mwisho inasomeka, kizibo hakijafunguliwa.

Jioni kikao kilikuwa kirefu. Mmoja wa kina mama aliuliza mbele ya wote: dawa hii inaleta saratani, au haileti? Amesikia redioni. Nimejibu ninachokijua. Mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliiweka glaifoseti kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya uliongeza kibali chake kwa miaka 10. Inavyofanya kazi ni kwamba inakiziba kimeng'enya ambacho mmea unakitumia kujitengenezea viini vya protini, na kimeng'enya hicho wanyama hawana. Lakini kutokuwa nacho hakuifanyi kuwa maji ya kunawia. Akasema, "Basi sisi wenye kunyonyesha tusiishike." Tumekubaliana hivyo: wanaonyonyesha, wajawazito na watoto hawakaribii. Wanaoshika ni wawili tu, glavu za mpira, mabuti, mikono mirefu, na nguo zile zinafuliwa peke yake.

Nimemshukuru kwa swali lake. Kikundi ambacho hakuna anayeuliza ningekiogopa zaidi.

17 Juni

Leo tumepaka. Tumeanza saa tatu asubuhi, umande umekauka. Tulitaka kuanza mapema zaidi lakini majani yalikuwa yanang'aa, na jani lenye umande linaipunguza dawa nguvu na kuifanya ichuruzike.

Mchanganyiko: kopo moja la dawa kwa makopo mawili ya maji. Kwa bomba la mgongoni la lita 16 ungetia kiasi cha mililita 300 tu, kwa hiyo hii yetu ni kali mara nyingi zaidi. Ila inayokwenda ardhini ni kidogo mno. Tulichanganya lita tatu kwa kipande cha malisho cha hatua 30 kwa 20, na tulipomaliza ilikuwa imebaki zaidi ya nusu.

Tumechanganyia kwenye ndoo ya plastiki. Naandika hili kwa herufi za kukaza kwa sababu nyumba nyingi zina ndoo za bati: dawa hii ikikaa kwenye bati inatoa gesi inayowaka. Usiitie humo wala usiihifadhi humo.

Mpakaji anatembea akiwa amelishika bomba ubavuni, upande wa kulia, na yeye mwenyewe anakanyaga pale ambapo hajapaka. Akilisukuma mbele yake atapita katikati ya majani yaliyolowa, suruali yake italowa, na kila atakachokigusa baadaye kitakuwa kimepakwa. Mwendo ni wa pole, kama mtu anayefuata jeneza. Ukikimbia, jani linainama na kupita chini ya kamba bila kulowa. Tulipomaliza kupanda tulirudi kwa kuteremka kwenye njia ileile, maana jani la motomoto lina pande mbili na kamba inagusa ule unaoikabili tu.

Kimo: kamba shubiri moja juu ya ukoka. Kwenye viazi tuliinua zaidi kidogo.

Karibu na miche ya mikarafuu hatukupitisha bomba kabisa. Ina urefu wa karibu mita moja sasa, sawa na motomoto yenyewe, na gome lake bado ni la kijani, linakunywa dawa kama jani. Kuzunguka kila mche, urefu wa mkono, tumeng'oa kwa mikono. Vilevile watoto wa migomba. Na juu ya mfereji tumeacha ukanda wa hatua kumi, huko ni panga tu.

Kosa la leo: dawa ya kwanza tuliichanganya na maji ya mvua yaliyokingwa kutoka bati la nyumba. Yalipokwisha, kijana aliyekuwa akitusaidia alichota bondeni, maji yenye tope. Sikuona mpaka nusu ya ukanda wa juu ilikuwa imeshapakwa. Udongo unaishika dawa hii na kuifunga, ndiyo maana haifanyi kazi ikiangukia ardhini. Tope ndani ya ndoo linafanya kazi ileile. Nimeupigia ukanda ule vijiti ili tuone tofauti.

Maji ya kuoshea tulimwagia kwenye motomoto ambayo haijapakwa. Kopo tupu litasuuzwa mara tatu na kutobolewa, lisije likageuzwa la kuchotea maji.

24 Juni

Siku ya saba. Ukisimama mbali huoni kitu. Ukiinama unaona ncha zimeanza kuwa njano, kwa mistari: mahali bomba lilipopita, na mahali lilipokosa.

Ami amekuja, katazama, hakusema. Ng'ombe bado tumewazuia, tumekubaliana siku 14.

2 Julai

Sasa hata aliye barabarani anaona. Motomoto ya malisho imekuwa rangi ya makuti makavu, imesimama, na chini yake ukoka ni kijani kibichi. Nimekaa pale muda mrefu nikitazama rangi hizo mbili moja juu ya nyingine. Viazi havikuguswa isipokuwa majani machache mahali bomba lilipoinama, nayo yamekunjamana.

Ukanda wa maji ya tope: njano hafifu, katikati ya shina bado kijani. Nimewaita wote waje waone kwa macho yao, kwa kuwa maneno yangu ya siku ile kuhusu maji ya mvua wengine waliyaona ni upekuzi.

Nimechimba shina moja lililokauka. Mzizi wa karibu na shina umekuwa wa kahawia, ukiubonyeza unatoa maji. Urefu wa shubiri mbili mbele yake bado mweupe na mgumu. Kwa hiyo itachipua. Tulitarajia.

Tukawaingiza ng'ombe.

Julai hadi Septemba

Karafuu. Hakuna aliyeshika daftari wala bomba. Kila mwenye mkono alikuwa juu ya mti au kwenye majamvi anaanika.

21 Septemba

Tumerudi kondeni. Nimetengeneza fremu ya vijiti, mita moja kila upande, tukawa tunairusha bila kuchagua na kuhesabu machipukizi ya motomoto ndani yake. Kwenye malisho yaliyopakwa tulihesabu kati ya matatu na kumi na moja kila mrusho. Kwenye ukanda wa tope yalikuwa mengi hata tuliacha kuhesabu. Kwenye kipande tulichokilima kwa jembe mwezi wa Machi kwa ajili ya kulinganisha, motomoto imejaa kama vile haijawahi kuguswa.

Ukoka umefanya zaidi ya nilivyoutarajia. Umeziba nafasi zote zilizoachwa, na motomoto haipendi kivuli: machipukizi yaliyotokea ndani ya ukoka mnene ni membamba na meupe. Kwenye viazi ni hivyohivyo, palipofunikwa na mashina yanayotambaa hakuna kitu, palipo wazi imechipua. Tumepanda vipando vipya vya viazi kwenye mapengo yote.

Na tena tunasubiri. Machipukizi haya ni mafupi, ukiyapaka leo utapaka na ukoka. Tuyaache yapande.

3 Novemba

Vuli imeanza na siku za jua zimepungua. Machipukizi yamepita shubiri moja na nusu juu ya ukoka. Tulipaka asubuhi, saa nne hadi saa sita, mbingu nyeupe. Saa tisa mvua ikanyesha kubwa. Dawa hii inataka muda wa kama saa sita bila mvua ili iingie vizuri kwenye jani, tukapata tatu. Sehemu tuliyoanza nayo huenda itashika, ya mwisho sina tamaa nayo.

Kamba mbili zilikuwa zimeziba, zimekauka kwa utomvu na vumbi la mara ya kwanza. Zilikuwa zinapita kavu na hatukugundua mpaka tulipoona mistari ya majani yasiyo na buluu. Bila rangi tusingejua. Kuanzia sasa bomba linasuuzwa siku ileile na kamba zinatolewa na kuoshwa kwa sabuni kabla ya kuhifadhiwa.

18 Novemba

Kama nilivyodhani: nusu ya kwanza imekauka, nusu ya pili imekwenda njano ikarudi kijani. Tumeirudia leo. Jua kutwa.

28 Novemba

Jana usiku ilinyesha mpaka karibu na alfajiri. Nilipotoka msikitini nilikwenda moja kwa moja kwenye mfereji. Kutoka kipande cha jembe maji yalikuwa yanateremka mekundu, mazito, yanabeba na vijiti. Kutoka malisho yaliyopakwa, maji yalikuwa na rangi ya chai nyepesi, unaona mchanga chini yake. Nimechota kila moja kwenye gilasi na kuziweka juu ya ukuta wa nyumba. Mchana gilasi ya kwanza ilikuwa na unene wa kidole wa udongo chini. Ya pili ilikuwa na utando tu.

Wenye mpunga wawili wamepita, wamezitazama. Mmoja ameuliza kipanguzi kinakodishwa kwa kiasi gani. Nimemwambia hakikodishwi, lakini tutakwenda naye kondeni kwake. Sitaki kiondoke bila mtu anayekijua, kwa sababu ndani ya bonde kuna maji na huko siwezi kushauri kitu hiki kipitishwe ovyo.

Ami, ambaye tangu Juni hajanena neno la sifa wala la lawama, ameomba kipande cha juu ya kwake kifuate. Ameshaanza kuwafunga ng'ombe pale.

Yaliyobaki: miche 11 inahitaji kung'olewa tena kwa mikono pembeni mwake. Na mpaka wa mashariki. Motomoto ya jirani inaingia kwetu chini kwa chini, mizizi yake inapita chini ya ua, na tutakachokiua upande huu kitarudi kutoka upande ule. Jirani ndiye mwenye mgomba ulioungua miaka miwili iliyopita, na ana haki ya kuwa na wasiwasi. Tumepanga kukutana naye mpakani tarehe 6 Desemba, baada ya alasiri. Nitakwenda na bomba tupu na maji ya buluu, nilipitishe juu ya migomba yake mwenyewe, aone kinachogusa na kisichogusa.